Mashine Iliyopewa Jina la Mama Yake Chifu

Araba Quansah hakuwa na shahada. Hakuwa na mume wa kumsemea, wala mjomba barazani, wala gari, wala sauti kubwa. Alikuwa na mikono miwili tu, iliyokwisha kupokea nusu ya watoto wa Kwesikrom.

Ndugu zangu, mji ule ulikuwa umetulia. Asubuhi dokono za unga wa mahindi zilitokota vyunguni, na wakunga walifua shuka wakiimba. Kisha lori likaja kutoka bandari ya Tema, limebeba mashine ya kusafisha damu ya wenye figo mbovu, zawadi ya wenyeji wetu waliohamia Hamburg kwa hospitali yetu.

Mji ulipagawa kwa furaha. Siku ya nane mashine ilitolewa nje alfajiri kama mtoto mchanga, ikanyunyiziwa maji na pombe, ikapewa jina la marehemu mama yake chifu: Ekua Bentsiwa. Hapo ndipo tulipojifunga wenyewe. Tangu siku ile, kusema mashine haifai kukawa kumtukana marehemu.

Na kweli haikufaa. Ilitaka maji safi mapipa kwa mapipa, na bomba la hospitali hutoa maji Jumanne na Ijumaa. Jenereta pekee ilihamishwa kutoka kwenye friji ya dawa ili kupoza chumba cha mashine. Sindano za kuzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua zikapigwa na joto, zikafa nguvu. Mwezi wa tatu tangu hapo, Ajoa, dada yake Araba, alivuja damu baada ya kujifungua, akachomwa sindano tatu, asipate nafuu. Alifia mikononi mwa Araba. Mdogo wao wa mwisho, Efua, alikuwa na mimba changa.

Miezi ikapita. Ndipo ikaja barua kutoka Accra: wapimaji wa faida ya vifaa vya tiba, wetu na wenzao wa Thailand, walitafuta hospitali za kufanya nazo kazi. Araba aliandika jina lake kabla wino wa barua haujakauka.

Walikuja wawili, Daktari Baaba Sackey wa Accra na Bibi Ratchanee wa Bangkok, aliyeipiga pilipili yetu kama maji na kuomba nyingine. Araba akawafungulia chumba.

"Inamsaidia nani?" Ratchanee aliuliza, na Baaba akatafsiri.

"Buibui," alisema Araba. "Ana wajukuu humo."

Ratchanee alicheka hadi akajishika kiuno. Hakumkaripia mtu. Alisema hata kwao walishapokea vifaa vya kulala bila kazi, ndiyo maana walijifunza kuuliza kwanza: wangapi watapona, kifaa kitakula nini, na nani atanyimwa ili kipate kula? Kisha akakunjua karatasi ya nailoni yenye mistari. Hutandikwa chini ya mzazi, damu ikakusanyika, ikasomwa badala ya kukisiwa kwa macho. Araba aliishika kama mtu aliyeokota dhahabu. Watatu hao wakapekua madaftari ya wodi siku tisa. Wenye figo walikuwa wawili kwa mwaka mzima. Kina mama waliovuja damu walikuwa arobaini na mmoja.

Wakati huohuo Hamburg wakapiga simu: mashine ya pili imepatikana, iwe pacha wa ile. Ikija, friji ndiyo basi tena, na Efua alibakiza wiki mbili.

Baraza lilikutana. Araba alisimama, akasoma hesabu yake. Mzee Turkson, msemaji wa chifu, akainua fimbo.

"Mama mkunga, umekosa wa kutukana ila marehemu? Wageni wamekulisha nini?"

Watu waliguna. Araba alimgeukia chifu mwenyewe.

"Nana, ulipopewa jina, walikudondoshea maji ulimini, kisha pombe. Walikuambia nini?"

Chifu akajibu, "Nikisema maji, yawe maji. Nikisema pombe, iwe pombe."

"Basi mimi nasema maji ni maji, Nana. Ajoa amekufa. Sitaki kumzika na Efua."

Chifu alimnong'oneza Turkson. Fimbo ikashuka. Jioni ileile jenereta ilirudi kwenye friji, ikisukumwa na vijana wakishangilia, Turkson mbele yao akielekeza njia kana kwamba wazo lilikuwa lake.

Efua alijifungua siku ya kumi na mbili baada ya baraza. Damu ilipanda juu ya nailoni, ikavuka mstari mwekundu wa hatari. Araba hakukisia. Alichoma sindano baridi kutoka kwenye friji, akakanda tumbo, akahesabu pumzi. Damu ikasita. Ikakoma. Efua akafumbua macho, akauliza kama kuna dokono.

FUNZO

Ndugu zangu, zawadi isiyoulizwa inaweza kuua kama ugonjwa. Tusikivike kifaa heshima kabla hakijaifanya kazi yake. Wala tusione haya kujifunza kwa mgeni aliyejikwaa kabla yetu. Ila hesabu tuifanye wenyewe, na ukweli tuuseme wenyewe.

Siku ya nane mtoto wa Efua alidondoshewa maji, kisha pombe. Chifu alimpa jina la Ekua Bentsiwa, akisema sasa mama yake amepata pa kukaa. Kisha akaagiza kalamu, akawaandikia wa Hamburg: asanteni, pacha msimlete, tuulizeni kwanza, majibu anayo Araba Quansah. Akaikunja barua, akaigonga muhuri wa kigoda cha uchifu, akampa Araba aipeleke posta. Araba alikwenda mbio.