Jina la Kumi na Mbili

Alhamisi ile nilitoka kwenda kuchukua picha, basi. Studio ya Anti Shobhana iko mitaa miwili kutoka kwetu Mchafukoge, na nilitaka kumuwahi kabla hajafunga. Jua lilikuwa linapotelea nyuma ya maghorofa, na wenye maduka ya vitambaa walikuwa wakishusha mageti ya chuma, kishindo baada ya kishindo.

Picha yenyewe niliiiba. Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, nasoma historia, na Dokta Zakayo alitaka kila mmoja wetu aandike historia ya ukoo wake, kila jina na mwaka wake wa kuzaliwa na wa kufa. Chini ya sanduku la Bibi nilikuta picha ya wasichana wawili, imegandishwa kwenye kadibodi. Mmoja nilimjua kwa kidevu: Bibi yangu Ghada, bado kigori. Wa pili, mkubwa kidogo, sikumjua, nikaipeleka studio isafishwe.

"Shikamoo, Anti."

"Marahaba, Shahd. Nimeibandua kwenye kadibodi. Nyuma kuna maandishi."

Niligeuza. *Ghada na Azza. Azza kafariki Alhamisi, magharibi, 1972.* Lakini neno "kafariki" lilikuwa limekatwa kwa kalamu nyingine, kwa nguvu, mpaka karatasi ikachanika.

"Aliyekata hapa alikuwa na hasira," alisema Anti Shobhana.

Mimi sikujali hasira ya mtu. Nilikuwa nimepata jina na mwaka. Nilipanda ngazi zetu mbilimbili mpaka ghorofa ya tatu, nimefurahi kama mjinga.

Niseme kidogo kuhusu Bibi. Ndiye aliyenilea, na ndiye peke yake niliyebaki naye. Alinifunza kuitwa mara moja tu na kuitika "labeka". Ukisema "nini?" unafinywa sikio. Ila magharibi sheria iligeuka: ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, nyamaza. Nilidhani ni mambo ya wazee tu.

Kila Alhamisi baada ya swala ya magharibi alifukiza udi na kuwaombea marehemu wetu, mmoja mmoja kwa jina. Majina kumi na moja, kwenye karatasi iliyokaa ndani ya msahafu. Baba na mama yangu ndio wa mwisho. Tangu mtoto wa jicho amzibe macho, mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea.

"Bibi, Azza ni nani?"

Alikuwa anapuliza makaa ya chetezo. Akaacha.

"Umelitoa wapi jina hilo?"

"Kwenye picha. Ni dada yako, eti? Mbona hatumwombei?"

"Magharibi si saa ya maswali. Soma majina, mwanangu. Kumi na moja."

Nilichukia. Nilijiona msomi, nimekaa na bibi anayemficha dadake kama aibu. Maskini Azza, niliwaza, miaka yote hii hana hata dua moja. Nilisoma kumi na moja. Kisha nikavuta pumzi, nikaongeza wa kumi na mbili, kwa ubini wa Bibi.

"Na Azza binti Muhannad."

Kaa moja lilipasuka kwenye chetezo. Huko chini mtaani kelele zilikuwa zile zile, bodaboda na watu wanaorudi kutoka Kariakoo. Halafu, kutoka kwenye ngazi, nje ya mlango wetu…

"Labeka."

Sauti ya msichana. Ya adabu kabisa.

Niliangalia mlango. Nilitaka kucheka, nikiamini ni mtoto wa jirani, lakini kicheko hakikuja. Harufu ya udi ilikuwa inapotea. Mahali pake ilikuja harufu mbichi, ya majimaji… harufu ya mgomba uliokatwa sasa hivi. Ghorofa ya tatu, Mchafukoge, mgomba utoke wapi?

Bibi alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Umemwita," alinong'ona. "Ya Rabi, umemwita."

"Bibi, si amekufa?"

"Aliitwa na mtu kwenye ngazi hizo, magharibi kama hii. Akaitika, akashuka. Tukamkuta chini amelala. Mama alipomwosha hakuona kovu la goti. Alisema, huyu si mwanangu, mmenipa mgomba nizike. Baba akaandika kafariki. Mama akakata."

"Basi yuko wapi?"

"Nijuaje? Ila Mama aliniusia. Aliyechukuliwa ukimtaja na udi, huja. Na haji kukaa. Huja kutafuta wa kushika nafasi yake."

Hatua. Miguu mitupu juu ya sakafu, taratibu. Zikasimama mlangoni.

"Ghada…"

Bibi alifumba macho.

"Ghada…"

Kisha sauti ikageuka, ikawa laini zaidi, karibu zaidi, kama iko upande huu wa mlango.

"Shahd…"

Miaka ishirini na miwili ya malezi ilipanda kooni. Sikuamua, Wallahi. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe na "la" ya labeka ilikwishatoka, ndipo kiganja cha Bibi kikanibana midomo mpaka meno yakauma.

Akaitika yeye.

"Labeka, dada. Nakuja mimi."

Alinitazama. Aliniachia mdomo, akajitanda kanga yake vizuri kama anakwenda kwa wageni. Fimbo yake aliiacha. Bibi yangu, asiyefika chooni bila kupapasa ukuta, alitembea moja kwa moja hadi mlangoni, akafungua, akatoka.

Na mimi nilikaa. Hilo ndilo ninaloliona aibu mpaka leo. Nilikaa pale pale, na miguu yangu ilikuwa mizima.

Chiku wa ghorofa ya kwanza ndiye aliyepiga ukelele. Alimkuta Bibi chini ya ngazi, amelala ubavu, hana hata mchubuko. Watu walisema ni uzee, kizunguzungu, na macho yake yale. Kesho yake alizikwa. Waliobeba jeneza walibadilishana haraka haraka, na mmoja wao alisikika akisema, subhanallah, bibi huyu alikuwa mwepesi.

Chiku alikuwa miongoni mwa waoshaji. Siku ya tatu ya matanga alinivuta jikoni.

"Shahd, bibi yako si alikuwa na mtoto wa jicho?"

"Macho yote mawili."

Aliangalia chini. "Yule niliyemfumba macho mimi, macho yake yalikuwa safi. Safi kama ya mtoto mchanga." Tangu siku hiyo tukikutana kwenye ngazi huharakisha.

Dokta Zakayo alinipa alama ya juu. Pembeni aliandika kwa wino mwekundu: *Kazi nzuri. Jaza tarehe za kifo za Azza na Ghada.* Sijajaza. Kila Alhamisi nafukiza udi peke yangu na kusoma majina kumi na moja, siongezi hata moja. Watu wananiuliza mbona simwombei bibi yangu, nimekuwa mjukuu gani. Nawaacha waseme.

Maana kila Alhamisi, hata bila kumtaja, udi ukikaribia kwisha, inakuja harufu ya mgomba. Na kutoka kwenye ngazi inakuja sauti ninayoijua kuliko yangu.

"Shahd…"

Kisha haraka, kwa kunong'ona, kama mtu anayeziba mdomo wake mwenyewe:

"…usiitike."

Kwa wiki sita nimelilia neno hilo la pili. Hata huko aliko bado alikuwa ananilea.

Jana ilikuwa Alhamisi ya saba. Niliketi nyuma ya mlango, nimejifunga kanga mdomoni, nasubiri.

"Shahd…"

Nikangoja neno la pili.

Hakulisema.