Insha Ishirini za Anaeli

Kila asubuhi kabla ya shule, Anaeli alipeleka ndoo ya maziwa ya mama yake kwenye kituo cha akina mama wafugaji, pale Sanya Juu. Alikuwa darasa la sita, na hakuna aliyemshinda kwa insha. Naye alilijua hilo, wala hakulificha.

Mwaka ule wa 2002, shangazi yake Gladys alikuwa akiandaa programu ya kompyuta ya kituo. Mpokeaji wa maziwa angeandika habari za ng'ombe, nayo kompyuta ingejibu: pokea au kataa. Kanuni kubwa ilikuwa hii: ng'ombe akichomwa sindano ya dawa, maziwa yake yasipokelewe mpaka zipite siku tatu kamili, kwa sababu dawa ile ingeweza kumdhuru mnywaji. Jumamosi akina mama wangeijaribu wenyewe. Ikikosea, wangeikataa, na kazi ya shangazi ya mwaka mzima ingekwenda bure.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, Anaeli. Hebu niandikie mifano ya majaribio. Kila mfano useme ng'ombe kachomwa lini, maziwa yameletwa lini, na jibu tunalotarajia."

Anaeli akaandika mifano ishirini. Loo! Kila mmoja ulianza kwa methali. Ndani yake mlikuwa na ng'ombe wa mahari kutoka Machame, jua likizama nyuma ya Mlima Meru, na Mama Elifuraha akikoroga mtori wa ndizi.

Shangazi alisoma mpaka macho yakamuuma. Alipofika ukurasa wa tisa, akaukata mfano mmoja kwa kalamu. "Huu umeurudia. Kachomwa Jumatatu, maziwa Alhamisi asubuhi. Tumeshaujaribu."

Mifano kumi na tisa iliyobaki, kompyuta iliijibu yote sawasawa.

"Imefaulu!" Anaeli akashangilia.

"Imefaulu nini?" shangazi akauliza kwa uchovu. "Nimesoma kurasa kumi na nne, na bado siwezi kusema tumejaribu nini na tumesahau nini."

Maneno hayo yalimchoma Anaeli. Ijumaa alipotoka shule alichukua rula na karatasi, akachora safu tatu: kachomwa lini, maziwa lini, jibu. Alitaka kumwonyesha shangazi kwamba mifano yake ilikuwa ishirini kweli. Akaondoa methali, mahari na mtori, akaandika kila mfano kwa mstari mmoja, yote kwa mpango ule ule.

Aibu iliyoje! Mifano kumi na mmoja ilikuwa kitu kimoja kilichobadilishwa nguo tu. Kisha akauandika ule uliokatwa, chini ya pacha wake:

Jumatatu asubuhi – Alhamisi asubuhi – pokea.

Jumatatu jioni – Alhamisi asubuhi – kataa.

Haikuwa kitu kimoja! Anaeli akatoka mbio mpaka kituoni.

"Shangazi, jaribu huu!"

Gladys akaandika. Kompyuta ikajibu: POKEA. Gladys akausoma tena mstari ule.

"Inahesabu siku tu," shangazi akasema polepole. "Haiangalii asubuhi wala jioni. Na mfano wenyewe niliukata mimi, kwa mkono wangu."

"Mimi ndiye niliyeuficha kwenye maneno," Anaeli akakiri.

Shangazi akarekebisha programu, wakapitia karatasi mstari kwa mstari. Zamu hii ilichukua dakika kumi tu.

Jumamosi asubuhi, mwenyekiti Mama Eliufoo, mwanamke asiyeshawishika kirahisi, aliitua ndoo yake mezani. "Ng'ombe wangu kachomwa Jumatano jioni. Leo ni siku ya tatu. Haya, iseme!"

Gladys akaandika.

KATAA.

"Siku tatu zinatimia leo jioni, mama," Gladys akaeleza.

Mama Eliufoo akakunja uso, akahesabu kwa vidole, kisha akaangua kicheko. "Jamani, hata mwenyekiti imemkatalia! Hii ndiyo tuliyoitaka!" Vigelegele vikapasua paa.

Gladys aliibandika ile karatasi ukutani, akamshika mpwa wake bega mbele ya watu wote.

"Huyu ndiye aliyeliona kosa," akasema. "Mwanangu, mambo unayotaka kuyalinganisha yaandike kwa maneno machache, kwa mpango mmoja. Tofauti itajionyesha yenyewe. Na kazi yako ikikosolewa, ifanye upya kama ulivyofanya jana."

"Na methali zangu je, shangazi?"

"Hizo mpelekee mwalimu wako Jumatatu," shangazi akacheka. "Asubuhi au jioni, yeye atazipokea!"