Sala Iliyopoza Chakula

Haya, kitendawili! Wanalala chumba kimoja, lakini ujumbe wao hupitia mbinguni. Usikimbilie jibu. Sikiliza kwanza.

Seremala na mkewe mshonaji walifanya kazi katika chumba kimoja. Mume alikata mbao upande huu, mke alishona upande ule. Jioni moja walimkaribisha jirani yao, mkunga mstaafu. Chakula kikaletwa, kinatoa moshi. Wakainamisha vichwa.

"Ee Bwana," mke akaomba, "mguse mtu fulani aache kumwaga vumbi la mbao kwenye gauni jeupe la bibi harusi wa watu."

"Na mwingine, Bwana," mume akadakia, "umfundishe kunyamaza."

"Bwana, unamsikia mwenyewe! Kesho nahamia kwa dada yangu, mimi na cherehani yangu."

"Amina!" mkunga akasema kwa nguvu. "Wanangu, chakula kimepoa. Tangu lini Mungu amekuwa tarishi wenu?"

Wote wawili wakatazama sahani.

"Kusali pamoja ni vizuri sana," mkunga akaendelea. "Lakini Yesu alitufundisha kumwendea mwenyewe aliyetukosea. Haya mama, mtazame mumeo. Sema kilichokuuma, bila kutukana. Nawe baba, funga mdomo mpaka amalize. Kisha rudia ulichosikia."

Mke akageuka. "Gauni lile nimelifua mara tatu. Mikono inaniuma. Naona unanidharau."

"Umelifua mara tatu," mume akarudia. "Unaona nakudharau." Akakuna kichwa. "Sikudharau, mke wangu."

"Sasa mbona hukati mbao nje, na baraza lipo?"

Mume akajibu polepole, "Nikiwa nje sikusikii ukiimba."

Mke alijaribu kukasirika, akashindwa. Akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Mwanaume mzima! Si ungesema?"

"Na wewe si ungeniuliza?"

Asubuhi waliitoa meza ya seremala nje, wakaiweka barazani, mahali ambapo upepo haupeleki vumbi ndani. Cherehani ikasogezwa karibu na dirisha la barazani. Sasa msumeno ukinyamaza, utamsikia mume akiita, "Mama, rudia ubeti wa pili!"

Bibi harusi alipata gauni lake, jeupe kabisa. Dada mtu bado anangoja mgeni.

Na sala ya mezani? Mume husema, "Asante Bwana kwa chakula, na kwa huyu." Mke huitikia amina. Wakifungua macho, moshi wa chakula bado unapanda.

Umeshapata jibu la kitendawili? Ni mke na mume wasiosemezana. Usiende kulitafuta kwa seremala, hutalikuta tena.