Mpangaji wa Dunia ya Nne

Seva ya ukumbi wa gemu wa Swaumu, pale Bagamoyo mjini, ilibeba dunia nne. Mji, kisiwa na milima zilijaa wachezaji kutwa. Ya nne, shamba, watu waliichoka, ikakaa miezi saba bila mtu. Alasiri moja Swaumu akatazama kioo akaona imeandikwa: shamba, mchezaji mmoja. Akazunguka kompyuta zote, akauliza. Hakuna aliyekuwa huko.

"Tuifute tu," akasema.

"Ngoja nikachungulie kwanza, dada," akajibu mdogo wake, Sihaba.

Hebu niambie, watu wa Pwani hawa! Nyumba iliyokaa tupu, hata iwe kibanda cha udongo, hawalali ndani mpaka isomewe dua na kufukizwa ubani, maana wanajua nani hukaa pasipokaa watu. Lakini kwa kuwa hii ilikuwa ya kwenye kompyuta, Sihaba akaingia hivi hivi, hata hodi hakupiga.

Akakuta shamba limelimwa. Mpunga umesimama kwa mistari, na katikati nyumba, mlango wazi.

"Nani kajenga hapa?" akanong'ona.

Harufu ya udi ikatoka nyuma ya seva. Mtu wake wa kwenye gemu akavuka kizingiti, na papo hapo mikono ya Sihaba ikaanguka mapajani, macho yakakodoka, huku kwenye kioo yule mtu wake akiendelea kutembea chumba hadi chumba bila kuongozwa na yeyote.

Hakusema tena. Maji akitiwa mdomoni yalimtiririka kidevuni. Daktari hakuona ugonjwa, na kila walipojaribu kumtoa ukumbini pumzi zilimkatika, basi Swaumu akafunga biashara, akamtandikia godoro palepale. Mama yao alipiga simu kutoka Kaole kila saa.

"Kasema?"

"Bado, mama."

Mama ndiye aliyemkabidhi Sihaba mikononi mwa dada yake. Swaumu alilia mpaka sauti ikamkauka.

Siku ya nne akaletwa Bi Mwaija, mganga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Funga mlango."

Akafukiza, akasoma. Feni za seva zikaanza kuvuma, kwanza polepole, kisha kwa nguvu, harufu ya udi ikazidi hata ubani ukashindwa, na midomo ya Sihaba, iliyokuwa imekauka siku nne, ikafunguka ikatoa sauti nzito ya mtu mzima ambayo hakuna aliyepata kuisikia mle ndani.

"Nilikuta nyumba haina mtu, nikakaa. Huyu kaniingilia bila hodi."

"Tunaomba mtu wetu," Bi Mwaija akasema.

"Futeni shamba lenu. Nitahama."

"Utahamia wapi?"

Feni zikazidi kuvuma.

"Subiri, mwanangu," Bi Mwaija akanong'ona. "Hajajibu."

Swaumu asubiri nini tena? Mdogo wake anakufa mbele ya macho yake. Akabonyeza kufuta.

Mstari ukaanza kujaa kwenye kioo, na chini yake, pale wachezaji wanapoandikiana, yakatokea maneno moja moja, dada mimi nimo huku, dada usifute, na Swaumu akabonyeza kusitisha, akabonyeza tena na tena, akaenda kuchomoa waya ukutani kwa mikono miwili, lakini betri ya akiba ikaishika seva, na dada, dada, dada yakajaa kioo kizima mpaka mstari ukafika mwisho na kioo kikabaki cheupe.

Nyuma yake godoro likachakacha. Sihaba alikuwa ameketi. Alikuwa anatazama viganja vyake, akijaribu kidole kimoja kimoja.

"Nashukuru," akasema, kwa sauti ya Sihaba yenyewe. "Nyumba hii ni nzuri kuliko ile."

Bi Mwaija akaanza kusoma upya. Yule naye akasoma pamoja naye, kwa adabu, bila kukosea hata herufi. Bi Mwaija akaacha kusoma, akakusanya vitu vyake.

Mlango ukagongwa. Mama alikuwa ameshindwa kungoja simu, amekuja mwenyewe. Alipomwona mwanawe amekaa, akamrukia, akamkumbatia, na yule naye akamkumbatia, akamfuta machozi kwa upole.

"Swaumu, Mungu akulipe," mama akasema huku analia. "Umenirudishia mwanangu."

Swaumu akafungua mdomo amwambie. Yule aliyekuwa begani kwa mama akamtazama, akangoja kwa utulivu asikie atasema nini.

"Amina, mama," Swaumu akasema.