Sahani ya Bibi Ruthu Hurudi Tupu

Likizo za Desemba nyumbani kwa Bibi Ruthu, kule kijijini Mvumi, asubuhi ilianza kwa sauti ya ufagio. Bibi alifagia uwanja wake mapema, kuku wakiwa bado wanajinyoosha, na akifika karibu na dirisha langu alipaza sauti makusudi.

"Lydia! We Lydia! Jua litakukuta kitandani?"

Basi niliamka, nikamwamkia shikamoo, nikachukua ndoo kwenda bombani. Nikirudi nilimkuta juu ya kigoda chake, ungo mapajani, anachambua majani makavu ya mlenda huku akiimba nyimbo za kanisani. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko ya baba yangu. Nilikuwa nacheka mpaka maji yanamwagika.

Jamani, jiko lile! Sasa nasoma sekondari, na nyumbani kwetu mjini, Ipagala, tunapikia gesi, lakini nikisikia moshi wa kuni tu, moyo unarudi Mvumi. Nakumbuka chungu cheusi juu ya mafiga, na ugali wa uwele ukigeuzwa kwa mwiko mpaka Bibi anatokwa jasho puani.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa darasa la sita. Shule ilipofungwa, mimi nilitangulia kwa Bibi, na wengine wangekuja kwa ajili ya Krismasi. Bibi alikuwa na ugonjwa wa kisukari. Tukiwa wawili haukumsumbua sana, kwa sababu alimeza dawa zake, alikula matonge madogo ya ugali na mlenda mwingi, na chai alikunywa bila sukari huku amekunja uso.

Na alikuwa ameniahidi jambo kubwa. Mvua ikinyesha vizuri tungepanda karanga pamoja, na kipande kimoja cha shamba kingekuwa changu mwenyewe.

"Ila uniombee miguu yangu iwe na nguvu," alisema. "Bila mimi, hawa baba zako watakupandia karanga kwa simu."

Siku ya mkesha wa Krismasi walifika wote. Alikuja baba mkubwa Gerson kutoka Nzuguni, pamoja na mke wake, mama mkubwa Generosa, na mtoto wao Luka, rika langu na bingwa wa utani. Walikuja baba na mama yangu, Penina. Mwisho alikuja baba mdogo Yoramu na mke wake Hilda, waliokuwa wamefunga ndoa mwaka huohuo. Mama mdogo Hilda alishuka na sufuria mpya tatu na woga mwingi usoni. Ilikuwa Krismasi yake ya kwanza kwa mama mkwe.

Sasa niwaeleze desturi ya familia yetu, maana hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwetu kila mkamwana hupika chungu chake siku ya sikukuu, na sahani ya kwanza humpelekea mama mkwe. Mama mkwe akila, sahani hurudi tupu. Ikirudi na chakula, huyo mkamwana atajua hakupendwa.

Siku ya Krismasi mama mkubwa alipika pilau. Mama alikaanga kuku na kusukuma chapati. Mama mdogo Hilda, maskini, alitaka kuwashinda wote, akapika wali, akachoma maandazi, akaja na keki kutoka mjini na kreti la soda. Kila mmoja alichungulia sahani ya mwenzake, kisha akaongeza upawa mmoja kwenye ya kwake. Sahani zilizofika mbele ya Bibi zilikuwa zimejaa kiasi kwamba kila moja ilibebwa kwa mikono miwili.

Bibi alizitazama. Akanawa mikono, akala.

Alikula pilau yote, akasifu. Akala chapati na kuku, akasifu. Alipofika kwenye sahani ya mama mdogo Hilda alikuwa anahema, lakini aliimaliza, na keki akaimaliza, akashushia na soda. Hilda alipopokea sahani yake tupu, alitabasamu huku machozi yakimlengalenga. Watu wakapiga vigelegele.

"Bibi ana tumbo la ngamia!" Luka alininong'oneza. Yeye mwenyewe alikuwa amefungua kifungo cha suruali na amelala chali kwenye mkeka, hawezi hata kugeuka.

Sikucheka. Jioni nilimwona Bibi akinywa maji kikombe baada ya kikombe, na kila mara akienda chooni. Nikamfuata mama mkubwa.

"Mama mkubwa, Bibi ana kiu sana. Hospitalini walimkataza soda."

"Aah, Lydia nawe! Sikukuu yenyewe ni mara moja kwa mwaka. Mwache mama afurahi na wanawe."

Nikamwendea Bibi mwenyewe. "Bibi, kwa nini usiseme umeshiba?"

"Nyamaza, mjukuu wangu," alisema, akanipapasa kichwa. "Hujui unachosema."

Siku iliyofuata vyungu vilipandishwa tena, na sahani zikaja zilezile. Bibi akala. Moyo uliniuma, lakini nani angenisikiliza?

Asubuhi ya siku ya tatu niliamka mwenyewe. Nilibaki kitandani kidogo nikisikiliza, nikahisi kuna kitu kimepungua. Ufagio! Sikuusikia ufagio.

Nilikimbia chumbani kwa Bibi. Alikuwa ameketi kitandani ameshika ukuta, midomo imemkauka.

"Nani huyo?" aliuliza.

"Ni mimi, Bibi. Lydia."

"Sogea karibu. Naona ukungu tu."

Nilipiga yowe, nyumba nzima ikaamka. Baba mkubwa alimbeba mama yake mpaka kwenye gari, na mimi nikaingia bila kuulizwa. Hospitalini muuguzi mmoja aitwaye Joha alimchoma Bibi kidole, akatazama kipimo chake, akatingisha kichwa. Wakamtundikia maji na kumpa dawa. Baba mkubwa alitembea huku na huku kwenye kibaraza, mtu mzima na ndevu zake, analia bila kujificha.

Mchana Bibi alianza kuona vizuri. Muuguzi Joha aliketi pembeni yake.

"Mama, sukari yako ilipanda sana. Mara nyingine unaweza usiwahi kufika hapa. Hatujakukataza sikukuu. Kula chakula cha familia, ila kidogo, taratibu, mboga ziwe nyingi, na soda uwaachie wenye duka. Ukishiba, acha."

"Nimesikia, mwanangu," Bibi alijibu. Lakini mimi namjua Bibi. Jibu lile lilikuwa la adabu tu.

Muuguzi alipotoka nilimshika mkono. "Bibi, utaacha kweli?"

Alinivuta niketi kitandani. Kisha akanisimulia jambo ambalo sidhani aliwahi kumwambia mtu.

"Nilipoolewa nilikuwa binti mdogo tu. Sikukuu yangu ya kwanza nilitwanga uwele tangu alfajiri, mikono ikatoka malengelenge. Nikapika, nikampelekea mama mkwe. Akaonja tonge moja, akarudisha sahani mbele za watu. Nililia nyuma ya zizi mpaka ng'ombe wakarudi. Siku ile niliapa kwamba nikipata wakamwana, hakuna atakayerudishiwa sahani na mimi. Na huyu Hilda bado mgeni. Nimvunje moyo?"

 Nilimpenda Bibi zaidi, na nikaogopa zaidi, maana nilijua atakula tena mpaka afe.

Alirudi nyumbani siku chache kabla ya Mwaka Mpya. Alikuwa mdhaifu, anatembea akishikilia bega langu. Jikoni nako kulikuwa kumewaka moto usio wa kuni.

"Ni keki yako, Hilda," mama mkubwa alikuwa akisema. "Mgonjwa wa kisukari unamletea keki!"

"Na pilau yako iliyojaa mpaka ukingoni, dada?" mama alimjibu. "Tuseme na chapati zangu, sawa. Lakini usimsukumie lawama mtoto wa watu."

Mama mdogo Hilda alikuwa anafunga sufuria zake kwenye kanga, analia. Alitaka kurudi mjini siku ileile.

Nikasimama mlangoni. Mtoto kuingilia maneno ya wakubwa kwetu si jambo dogo. Lakini nilikumbuka midomo ya Bibi ilivyokauka.

"Si njaa inayomfanya Bibi ale," nilisema. "Anakula ili asiwarudishie sahani."

Nikawaeleza yote, malengelenge, zizi, na kiapo.  Mama mkubwa Generosa aliketi chini palepale kwenye jivu na gauni lake zuri.

"Kumbe sisi ndio tunamuua," alisema. "Mama wa watu anajiumiza ili sisi tusiumie, nasi tunapiga vigelegele!"

Kisha akainuka, akaenda kwa mama mdogo Hilda, akaanza kufungua fundo la ile kanga. "Nisamehe, mdogo wangu. Hakuna anayeondoka hapa. Mwaka Mpya tutapika pamoja."

Ndivyo walivyofanya. Siku ya Mwaka Mpya walipika kwa kupokezana chungu kimoja, kile cheusi cha Bibi. Mama mkubwa alisonga ugali wa uwele, mama akapika kuku wa kienyeji kwa mafuta kidogo, na mlenda akaachiwa mama mdogo Hilda, huku wenzake wakimcheka alivyokuwa anaukoroga kwa kuuogopa. Walicheka sana jikoni siku ile. Sisi watoto tulitandika mkeka mkubwa, na Luka alipouliza soda ziko wapi, baba yake alimwonyesha mtungi wa maji.

Sahani ya Bibi ilibebwa na wote watatu. Ilikuwa na ugali mdogo, kipande kimoja cha kuku, na mlenda tele. Mama mdogo Hilda ndiye aliyeiweka mbele yake, akapiga goti.

"Mama, hii ni ya sisi wote watatu. Tumeipima."

Bibi aliitazama sahani, akanitazama na mimi. Nikaangalia chini. Alijua ni nani aliyesema, mzee yule!

Alikula taratibu. Alikata tonge, akalichovya, akatafuna, akasimulia kidogo habari za ujana wake, akakata tena. Nasi tukajikuta tunakula kwa mwendo wake ili tusipitwe na hadithi. Hata Luka alishiba akiwa bado anaweza kuketi. Sahani ilipokuwa nyeupe kabisa, Bibi akaiinua kwa mkono mmoja.

"Haya, wakamwana wangu, pokeeni sahani yenu. Imerudi tupu."

Vigelegele vilivyopigwa hapo, nadhani vilisikika mpaka barabarani.

Walipotulia, Bibi alisema, "Sikieni wanangu, na ninyi wajukuu. Kosa si la keki wala pilau. Mimi nilidhani kumpenda mtu ni kula kila anachokupa, na ninyi mlidhani ni kumjazia sahani. Sote tulikosea. Mpe mtu kiasi kinachomfaa, na ukishiba sema nimeshiba, asante. Anayekupenda hatachukia, kwa sababu anataka akuone na sikukuu ijayo."

Usiku ule mvua ilinyesha, mvua nzito ya kupandia. Mimi nililala nikisikiliza bati likilia, nikiwaza karanga zangu, nikijiuliza kama miguu ya Bibi itaweza.

Asubuhi, kabla sijafumbua macho vizuri, nilisikia ufagio ukisukuma maji uwanjani. Taratibu, ukipumzika, kisha ukianza tena. Ukafika chini ya dirisha langu.

"Lydia! We Lydia! Karanga zitajipanda zenyewe?"