Jaribio la Nusu Sekunde

Siku hiyo mjinga alikuwa Yasin, na mwenyewe hakatai. Kila alasiri baada ya masomo aliwatangulia wenzake kwenye chumba cha kompyuta cha shule yao ya Malindi, na hata Ramadhani haikumzuia: njaa tumboni, majigambo mdomoni.

Yeye na mwanafunzi mwenzake Sumeiya walikuwa wameunda programu ya maktaba. Mwanafunzi akirudisha kitabu, programu inaandika jina lake. Kesho yake wangeipeleka mashindanoni Kilifi, na sharti la Mwalimu Ruqaiya lilikuwa moja: programu isiyofaulu majaribio yake yote haipandi gari.

Jaribio la mwisho lilikuwa kazi ya Yasin. Lilijifanya limerudisha kitabu, likasubiri nusu sekunde, kisha likatazama kama jina limeandikwa. Kwenye kompyuta ya kwao nyumbani lilifaulu kila mara. Kwenye ya shule, yenye mfumo mwingine wa uendeshaji na mwendo wake wa kuhifadhi mambo, lilifaulu mara hii, likaanguka mara ile.

"Kompyuta hii imefunga kuliko mimi," Yasin alisema. Akaongeza subira hadi sekunde tano. Likafaulu. Kabla hajamaliza kujipongeza, likaanguka tena. "Basi nalifuta. Dawa ya jino bovu ni kung'oa."

Sumeiya akaivuta kibodi upande wake. "Thubutu."

"Programu ni nzima, Sumeiya. Kwetu yafanya kazi."

"Kwenu hakuna maktaba. Siku jina lisipoandikwa kweli, nani atatwambia? Kuna mtoto ataitwa mwizi wa kitabu alichokirudisha. Ukilifuta, Kilifi nenda peke yako."

Wakanuniana. Hatimaye Sumeiya akauliza, "Juzi ulifuturu kwa nini?"

"Kwa tende."

"Sikuulizi chakula. Ulijuaje kuwa wakati umefika?"

Yasin akajikuna kichwa. Darasa zima lilikuwa na habari zake. "Kwa saa ya ukutani."

"Iliyokuwa mbele ya wakati. Sasa una saumu ya kulipa. Wenzako nyumbani walikuwa wakingoja nini?"

"Adhana."

Neno lilipomtoka, akageuka kuitazama skrini. Jaribio lake nalo lilikuwa likifuturu kwa saa ya ukutani.

Akairudisha kibodi kwake, safari hii bila ubishi. Programu akaifanya itoe ishara ikishamaliza kuandika. Jaribio akalifanya lingoje ishara hiyo, ije upesi, ije polepole. Wakaliendesha kwenye kompyuta ya shule mpaka vidole vikachoka, kisha kwenye kipakatalishi cha Mwalimu, chenye mfumo kama wa kina Yasin. Halikuanguka hata mara moja.

Mwalimu Ruqaiya alikuwa amesimama nyuma yao. "Na ishara isipokuja kabisa? Jaribio lingoje hadi Idi?"

"Lina mpaka, Mwalimu," Sumeiya akajibu. "Sekunde kumi."

"Zikiisha?"

"Tuandike limefaulu," Yasin akadakia. "Kuanguka mbele ya waamuzi ni aibu, Mwalimu. Na wao watajuaje?"

Mwalimu alimtazama mpaka tabasamu likamwisha. "Mwanangu, jaribio likianguka linakuonyesha pa kutengeneza. Likidanganya, linakufumba macho. Ukikosa kuisikia adhana, sema hukuisikia. Usimsingizie muadhini kwamba ameadhini."