Kidonge cha Mabel

Kila asubuhi ya likizo ya kiangazi, Isimbi na mama yake, Nyirabeza, walipanda basi kutoka mtaa wa South End, mjini Louisville, Marekani, kwenda bustani ya wanyama. Mama alifanya kazi katika jiko la kuandalia wanyama samaki. Isimbi, msichana wa miaka kumi na miwili, aliruhusiwa kumsaidia kuosha ndoo.

Bwawani waliishi sili wawili, wanyama wa baharini wenye masharubu marefu: Otto na dada yake, Mabel. Kila siku Mama alificha kidonge chini ya shavu la samaki mmoja, akamtia katika ndoo ya Mabel.

"Ni dawa ya nini, Mama?"

"Ya kumzuia asishike mimba. Usiiguse."

Jioni Isimbi alimsimulia binamu yake Bisogo. Bisogo alicheka hadi akajishika tumbo. "Jamani! Kwetu milimani Kongo, ng'ombe asipozaa, watu wanamwombea. Ninyi mnamfunga uzazi makusudi, halafu Jumapili mnasimama kwenye kwaya!"

Maneno hayo yalimchoma Isimbi. Kesho yake, Mama alipogeuka kuchukua barafu, Isimbi alikichomoa kile kidonge na kukitupa kwenye mfereji wa maji machafu. Alifanya hivyo likizo nzima. Miezi ilipopita na tumbo la Mabel likaanza kukua, Isimbi alimshukuru Mungu kimyakimya.

Kiangazi kilichofuata Mabel alizaa. Mtoto alitoka mfu, mgongo umepinda. Mabel alimsukuma kwa pua kuelekea majini, akamsukuma tena, akilia. Wahudumu walipomwondoa mtoto, Mabel aligoma kula.

Msimamizi akaja jikoni, uso umekunjamana.

"Nyirabeza, dawa ilikuwa mikononi mwako."

"Nilimpa, bosi. Mungu ni shahidi wangu."

"Basi yule mtoto ametoka wapi? Vua aproni. Kazi yako imekwisha."

Mama alianza kufungua kamba za aproni. Tangu Baba alipouawa kule Kongo, ni kazi za Mama zilizowalisha. Isimbi alitamani ardhi immeze. Akaiweka ndoo chini.

"Si Mama. Ni mimi. Nilikuwa navitupa."

Msimamizi alimgeukia. "Wewe usikanyage humu tena," alisema. "Na wewe, Nyirabeza, utabaki. Lakini kuanzia leo, ukitia dawa, mwenzako atasimama akikuangalia."

Waliposhuka kwenye basi, Mama akauliza, "Ulimwonea Mabel huruma?"

"Ndiyo, Mama. Bisogo alisema kwetu ng'ombe…"

"Bisogo hajawahi kuchunga hata mbuzi! Unajua babu yako alifanya nini na fahali wake, ndama wa kike wa fahali huyo walipokua?"

"Sijui, Mama."

"Alimpeleka kwa jirani, akaleta fahali wa jirani, ili fahali wake asipande damu yake mwenyewe. Otto hana pa kupelekwa. Bwawa ni moja, na Mabel ni dada yake. Kidonge kilikuwa kwa ajili hiyo, maana mtoto wa ndugu wawili aweza kuzaliwa kilema au mfu."

Isimbi akaanza kulia. Mama hakumbembeleza, ila alimshika mkono.

"Huruma isiyouliza inaua, mwanangu. Mungu alikupa mdomo uulize kabla ya kutenda, na ukikosea, useme. Leo umesema, nami nimebaki na kazi. Lakini hukuuliza sababu, na hilo amelilipia Mabel."